Akishapatikana na hatia, usitoke kortini

Jaji akisema "nimekupata na hatia", mama aliyeketi benchi ya nyuma huanza kulia, na waliokuja naye humshika mabega wakamtoa nje apate hewa. Nimeliona hilo kwa miaka 27, kuanzia 1994 hadi 2021, nikiwa karani na mkalimani wa korti Mombasa, nikitafsiri Kigiriama, Kiswahili na Kiingereza. Kila mara nilitamani kuinuka nikawaambie: rudini ndani. Maana dakika hiyo hiyo jaji ameshamgeukia kiongozi wa mashtaka kumwuliza kama mtu huyu ana makosa ya zamani, na akitoka hapo atamwuliza wakili kama ana la kusema kabla ya adhabu kutolewa. Wakili hugeuka nyuma kutafuta mtu wa familia, na benchi ni tupu.

Haya nayaandika kwa ajili ya mama huyo na kwa ye yote mwenye ndugu, mume au mtoto aliye na kesi ya mauaji au ya wizi wa mabavu hapa Kenya. Mimi si wakili. Ushauri wa sheria mtaupata kwa wakili, na asiye na uwezo aulize ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Katika kesi ya mauaji, mshtakiwa asiye na pesa huwekewa wakili na mahakama. Mimi nawaeleza kile familia inaweza kufanya kwa mikono yake, kwa sababu ndicho nilichoona kikiachwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili, kwa kuwa lugha yetu inayachanganya. Tunasema "amehukumiwa" tukimaanisha amepatikana na hatia, na tunasema "amehukumiwa" tukimaanisha amepewa miaka. Kortini hayo ni matukio mawili, na baina yake kuna nafasi. Mara nyingine nafasi hiyo ni ya dakika kumi, mara nyingine ni ya wiki tatu. Kosa likishathibitishwa, swali si tena kama alifanya au hakufanya. Swali ni huyu ni mtu gani, aliyeumizwa ameumia kiasi gani, na adhabu ipi inastahili. Maswali hayo wakili hawezi kuyajibu peke yake. Majibu yako nyumbani kwenu, kwenye sanduku la karatasi na kwenye vinywa vya majirani.

Soma nambari zilizo kwenye hati ya mashtaka

Omba nakala ya hati ya mashtaka mapema, kesi ikiwa bado changa, na utazame vifungu vya Kanuni ya Adhabu, sheria inayotaja makosa na adhabu zake.

Ukiona 203 ikisomwa pamoja na 204, hayo ni mauaji ya kukusudia. Kesi hii husikizwa na jaji wa Mahakama Kuu, na adhabu ya juu kabisa ni kifo. Ukiona 202 na 205, hiyo ni kuua bila kukusudia. Adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji ana uhuru mkubwa. Tofauti ya mashtaka haya mawili ni nia, na tangu 2008 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa: kiongozi wa mashtaka anaweza kukubali kuliteremsha shtaka la mauaji liwe la kuua bila kukusudia, mshtakiwa akakiri. Mlango huo uko wazi tu kabla kesi haijaamuliwa. Nimeona familia zinauuliza siku ya adhabu, umeshafungwa.

Ukiona 296(2), kaeni macho zaidi. Huo ni wizi wa mabavu, na watu wengi hawaamini ninapowaambia kwamba adhabu yake ni kifo na kwamba hakimu wa korti ya chini, si jaji, ndiye anayeitoa. Si lazima awe alikuwa na bunduki. Sheria inatosheka na moja kati ya haya: alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa na mwenzake hata mmoja, au alimpiga au kumjeruhi mtu wakati wa wizi. Vijana wawili wanaompokonya mtu simu usiku na kumpiga kofi wanaingia hapo. Nimesimama kando ya kijana wa miaka 19 wa namna hiyo nikimtafsiria, na alidhani ninakosea.

Kilichobadilika 2017, na ambacho hakikubadilika

Nilipoanza kazi, siku ya adhabu ya mauaji ilikuwa ibada isiyo na maana. Wakili alisimama akasema mteja wake ana watoto wanne na mama mgonjwa, jaji akaandika kila neno, kisha akatoa adhabu moja tu iliyokuwepo. Sheria ilimfunga mikono. Na maneno ya sheria yenyewe ni machache: atapata kifo kwa njia inayoruhusiwa na sheria. Jaji hasemi kamba, hasemi siku. Ndivyo kifungu cha 25 cha Kanuni ya Adhabu kinavyoagiza. Mara ya kwanza nilipoyatafsiri maneno hayo, mshtakiwa aliniuliza mimi, si jaji, "Njia gani?" Sikuruhusiwa kumjibu.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama zote za Kenya, ilitoa uamuzi katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake. Ilisema kwamba kumlazimisha jaji atoe kifo kwa kila mauaji, bila kuangalia mtu aliye mbele yake, ni kinyume cha Katiba. Haikufuta adhabu ya kifo. Kifo bado kipo kama kiwango cha juu, na wapo majaji walioendelea kukitoa baada ya hapo. Lakini yale maneno ya wakili kuhusu watoto wanne na mama mgonjwa yakapata uzito. Tangu siku hiyo jaji anaweza kutoa kifo, maisha, au miaka.

Halafu tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji peke yake. Wizi wa mabavu haumo. Msidanganywe na mtu anayewaambia "Muruatetu imefuta kifo", na hasa msimlipe. Nje ya lango la korti huwa pana watu wa kuahidi kwamba watazungumza na jaji. Nimewajua kwa sura miaka mingi, na sijapata kuona mfungwa hata mmoja aliyetoka kwa sababu yao.

Na kama mna jamaa upande wa Tanga au Dar es Salaam, msichukue haya mkampelekea vivi hivi. Tanzania ina Kanuni yake ya Adhabu, yenye kifungu cha 197 kilichomlazimisha jaji kutoa kifo kwa mauaji ya kukusudia. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema tarehe 28 Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Huko mtafuteni wakili wa huko.

Siku ya hatia: omba tarehe

Mmoja wenu alie, mwingine akae. Pangeni kabla ya kuingia nani atakaa, tena awe mtu anayeweza kusema na wakili bila kutetemeka.

Kazi ya anayekaa ni moja: kumkumbusha wakili aombe tarehe nyingine ya adhabu na aombe ripoti ya afisa wa probesheni. Mahakama ina uwezo wa kupokea ushahidi wo wote unaofaa kabla ya kupima adhabu. Wakili aliyechoka anaweza kusimama akasema sentensi mbili, "Ni mkosaji wa kwanza, ana familia, tunaomba huruma," akaketi. Nimezitafsiri sentensi hizo mbili mara nyingi mno. Hazina mtu ndani yake.

Afisa wa probesheni ndiye atakayekuja kwenu. Ataingia nyumbani, atamwona chifu au mzee wa mtaa, atazungumza na majirani, na atakwenda pia kwa jamaa wa marehemu. Anachoandika jaji hukisoma chote. Basi msimwandalie mchezo. Msimfundishe jirani la kusema. Mshtakiwa akiwa na tabia ya ulevi, semeni ana tabia ya ulevi, mkaeleze ilianza lini na nani alijaribu kumzuia. Afisa akigundua mmeficha moja, hataamini yale kumi ya kweli.

Karatasi ninazowashauri mtafute, nami nazitaja kwa uzito wake:

Cheti cha kuzaliwa. Mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya kosa hawezi kupewa adhabu ya kifo hata kidogo, na siku inayohesabiwa ni ya kosa, si ya kesi kumalizika. Kesi za mauaji huchukua miaka. Kijana anaingia na miaka 17 anapata hatia akiwa na 22, ndevu zimeota, na hakuna anayeuliza. Kama hakuna cheti, tafuteni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule, na mwombe apimwe umri hospitalini.

Mwanamke aliyepatikana na hatia akiwa mjamzito pia hapewi kifo. Aseme, apimwe, iandikwe.

Karatasi za hospitali, hasa za maradhi ya akili au kifafa. Watu wetu huzificha kwa aibu, au hawazihesabu kama karatasi za kesi kwa sababu mgonjwa alipelekwa kwa mganga kwanza. Leteni kilichopo.

Tarehe ya kukamatwa. Andikeni siku, mwezi na mwaka, na kama aliwahi kutoka kwa dhamana, andikeni alitoka lini. Nitarudi hapo, kwani karatasi hii ndogo imewapa watu miaka.

Vingine, barua ya shule, ya msikiti au kanisa, ya mwajiri, vyeti vya kazi za mikono kutoka rumande, ni vizuri lakini visizidi. Barua tano zenye mambo halisi zinashinda hamsini zilizoigizana.

Familia ya marehemu

Hapa ndipo pagumu, na sitaki mtu apite haraka.

Sheria inairuhusu familia ya aliyeuawa kueleza mbele ya jaji walivyoumia. Wana haki hiyo, na mna wajibu wa kuisikiliza bila kuguna. Jaji anapopima adhabu huangalia umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia yake, namna kosa lilivyotendwa, kama lilitokana na dhuluma ya kijinsia aliyokuwa akiipata, majuto yake, uwezekano wa kurekebika, na madhara kwa jamaa wa marehemu. Hilo la mwisho mara nyingi ndilo linalojaza chumba.

Msiende kwao na bahasha kumwomba shahidi abadilishe maneno. Huo ni uhalifu mwingine. Lakini kwenda kuwapa pole, kupitia wazee, kesi ikiwa imeshaamuliwa na wakili wenu akijua, ni jambo la utu. Wengine watawafukuza. Wana haki.

Kulikuwa na mgema wa mnazi, mtu wa huku bara ya Kilifi. Mwaka 2003, mwezi wa sita, waligombana na jirani yake juu ya deni huko mangweni, wanakonywea pombe ya mnazi, akamkata kwa kotama, kisu chake cha kugemea. Alipatikana na hatia ya mauaji 2005. Mimi ndiye niliyemtafsiria yale maneno ya kifo. Mama yake alikuwa ameshatolewa nje. Rufaa ilikataliwa. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 wa kifo adhabu iwe kifungo cha maisha, naye alikuwamo. Baada ya uamuzi wa 2017 aliomba adhabu yake isikizwe upya, na 2019 akarudishwa mbele ya jaji, nikamkuta tena kizimbani, nywele nyeupe.

Safari hii mama alikaa. Na kando yake alikaa kaka wa marehemu. Wazee walikuwa wamekwenda kwake mara tatu, mara mbili akiwafukuza. Alisimama akamwambia jaji kwamba ndugu yake hatarudi, kwamba watoto wa ndugu yake wamelelewa na mama wa huyu muuaji kwa mahindi na samaki miaka yote hiyo bila mtu kumwambia afanye hivyo, na kwamba yeye hana haja tena ya kumwona mtu huyu akifia ndani. Nilitafsiri hayo nikiwa sijui kama sauti itatoka. Jaji alimpa miaka 25, ihesabiwe tangu siku aliyokamatwa.

Atakachosema mwenyewe

Mshtakiwa akipewa nafasi ya kusema, maneno yake hutafsiriwa na kuandikwa kwa Kiingereza, na hayo ya Kiingereza ndiyo mahakama ya rufaa itakayoyasoma. Kwa hiyo achague maneno yasiyo na njia mbili. "Najuta" linabeba kukubali kwamba nilifanya. "Nasikitika kwa msiba huu" linabeba huzuni tu. Mtu anayekubali kosa aseme najuta, tena aseme anajutia nini hasa. Mtu anayeshikilia kwamba hakufanya, na anakusudia kukata rufaa, asilazimishwe na jamaa kutamka najuta eti jaji apate huruma. Anaweza kuwapa pole wafiwa kwa moyo wake wote na akaomba huruma kwa umri wake au maradhi yake bila kujipinga. Mzungumze na wakili juu ya hili siku kadhaa kabla, si kwenye ngazi za korti.

Na kama lugha yake ni Kigiriama, Kidigo, Kipokomo au Kisomali, aombe mkalimani hata kama anajua Kiswahili cha sokoni. Ni haki yake. Mtu akiogopa, lugha ya pili ndiyo humpotea kwanza.

Adhabu ikitolewa: kalamu mkononi

Aliyekaa aandike neno kwa neno. Ni miaka mingapi, na inaanza kuhesabiwa lini.

Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinataka muda wa rumande uzingatiwe. Mahakama ya Rufaa ilieleza vizuri 2018, katika kesi ya Ahamad Abolfathi Mohammed na mwenzake, kwamba haitoshi hakimu kusema "nimezingatia" huku hesabu ikianza siku ya adhabu. Muda huo lazima uonekane ukipungua. Kama jaji hakusema, wakili aombe pale pale. Kama mmegundua baadaye, kuna ombi la Mahakama Kuu la kurekebisha hilo peke yake, na wafungwa wengi hulileta wenyewe, limeandikwa kwa mkono. Ile karatasi ya tarehe ya kukamatwa ndiyo mnayoitia hapo.

Fanyeni hesabu ya yule mgema. Mfungwa wa miaka, si wa maisha, anaweza kupunguziwa theluthi moja kwa tabia njema na kazi. Theluthi ya miaka 25 ni miaka 8 na miezi 4. Inabaki 16 na miezi 8. Kuanzia Juni 2003 hiyo ni Februari 2020, na Februari 2020 alitoka. Kama jaji angeanza kuhesabu 2005, siku ya hukumu ya kwanza, angemaliza karibu miaka miwili baadaye. Mama yake alifariki Oktoba 2020.

Siku kumi na nne. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, na notisi ya rufaa kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa, zote zina siku 14. Aliyepewa kifo lazima aambiwe na mahakama muda alio nao. Ofisi ya gereza hupokea karatasi za rufaa za mfungwa, kwa hiyo kutokuwa na wakili si sababu ya kuziacha zipite. Zikipita, ombi la kuongezewa muda lipo, lakini msilitegemee. Mjue pia kwamba mahakama inayosikiza rufaa ya adhabu inaweza kuiongeza badala ya kuipunguza. Wakili asiyewaambia hilo hajawaambia yote.

Akienda kondemu

Kama ni kifo, atavuliwa nguo za rumande na kutengwa na wengine. Wafungwa huita upande huo kondemu. Msimwache peke yake miezi ile ya kwanza, nendeni kila siku ya wageni mnayoweza. Mwambieni ukweli huu, kwa sababu hakuna atakayemwambia kwa upole: mara ya mwisho Kenya kunyonga ilikuwa 1987, Hezekiah Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu, kwa jaribio la mapinduzi ya 1982. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wafungwa 2,747 kutoka kifo kwenda maisha, na 2023 Rais William Ruto akafanya vivyo kwa waliokuwa wamepewa kifo kabla ya tarehe 21 Novemba 2022. Lakini hilo si haki ya mtu kudai, na maisha humaanisha maisha hadi jambo lingine litokee.

Jambo hilo lingine ni ombi la msamaha wa rais chini ya kifungu cha 133 cha Katiba. Kuna kamati inayomshauri. Ombi hupitia gerezani, na mtu anaweza kusamehewa kabisa, kusamehewa kwa masharti, kupunguziwa, au kubadilishiwa adhabu kuwa nyepesi. Peleka nakala za zile zile karatasi mlizozikusanya, pamoja na vyeti alivyopata ndani. Kamati inaruhusiwa kusikiliza maoni ya waliodhulumiwa, kwa hiyo kama yupo mtu wa familia ya marehemu aliyewahi kuwapokea, nambari yake ya simu iandikwe kwenye daftari lile lile lenye tarehe ya kukamatwa, na mtu mmoja awe anampigia mara kwa mara, hata kama ni kumjulia hali tu.